Mwanya si pengo: Somo la lugha kutoka kwa fundi wa bodi Funyula

NILIKUWA nyumbani Funyula likizoni pale mlango wa dereva wa gari langu ulipoanza kugoma. Haukukataa kufungika kabisa. Ukiubamiza kwa nguvu, ulijifunga. Lakini ukingo wake wa nyuma ulikuwa umeshuka, na ule mstari unaopita ubavuni mwa gari kutoka mbele hadi nyuma ulikatika hapo, ukaendelea chini kidogo. Mvua iliponyesha niliteremka nikiwa na goti lililolowa. Jua lilipowaka, vumbi la barabara ya murramu liliingia mle mle.

Mpwa wangu anasomea ufundi wa magari katika chuo kimoja. Tukakubaliana tuurekebishe wenyewe uani, chini ya mwembe. Nikamwambia: "Shika mlango, kisha linganisha nafasi ya juu na ya chini." Kijana akainama, akachungulia juu, akachungulia chini, akasimama wima kama aliye mbele ya darasa: "Mjomba, ya juu ni kubwa kuliko ya chini."

Sikuweza kumlaumu. Katika shule ya upili neno 'linganisha' lilimjia kwenye karatasi za mtihani likiandamana na 'linganua', na kazi yake ilikuwa moja tu: kutaja yanayofanana. Ilhali kitenzi hicho kina maana ya pili, na kwa maoni yangu ndiyo iliyo karibu zaidi na shina lake. Vitu 'vikilingana' vimekuwa sawa. Tukiongeza kiambishi cha kusababisha, tunapata 'linganisha', yaani kuvifanya viwe sawa. Mtihani ulimfunza kutazama. Mimi nilitaka asogeze. Mafundi wetu wameliepuka tatizo hilo kwa kusema 'sawazisha', au 'kualaini', neno walilolitohoa kutoka Kiingereza. Hili la pili nalo lina mtego wake. Msemaji akilinyambua haraka, husikika kama 'kulainisha', na anayelainisha kingo za mlango kwa msasa hakika hatausawazisha. Ataondoa rangi na kuikaribisha kutu.

Tulipokwama, nilimwita fundi wa bodi ambaye gereji yake ni kivuli cha mti na mabati mawili kando ya barabara. Alifika kwa bodaboda. Hakugusa spana. Alipitisha kidole polepole kwenye nafasi iliyo kati ya mlango na madigadi ya mbele, kisha akauliza:

"Mwalimu, hapa mnatafuta nini?"

"Tunajaribu kuziba hili pengo," nikajibu.

Akacheka. "Hii si pengo. Pengo ni kama kitu imetoka. Hii ni mwanya, na mwanya lazima ukae. Ukiziba mwanya, mlango utafungukia wapi?"

Nimefundisha Kiswahili kwa zaidi ya miaka thelathini na sikuwa na jibu.

Hebu tuyatazame maneno haya mawili kinywani, mahali tunapokutana nayo mapema zaidi maishani. Jino la mbele likikung'oka, unabaki na pengo. Kulikuwa na kitu, sasa hakipo. Lakini kuna watu waliozaliwa na nafasi ndogo kati ya meno mawili ya mbele. Huo ni mwanya. Hakuna kilichotoka. Wengi huuhesabu kuwa urembo, na kuna washairi waliousifu. Hakuna anayesifiwa kwa pengo.

Tofauti hiyo ndiyo fundi aliyoitumia, na inashika hadi kwenye milimita. Baina ya mabamba ya bodi ya gari lazima kuwe na mwanya, kwa kawaida wa milimita 4 au 5 katika magari mengi. Upo kwa sababu mlango huzunguka kwenye bawaba zake na unahitaji pa kupitia, kwa sababu bati hupanuka likichomwa na jua, na kwa sababu bodi nzima hujinyonga kidogo gari likipita mashimoni. Jicho haliudhiki na mwanya. Huudhika mwanya unapokuwa mpana juu na mwembamba chini. Pengo kwenye gari ni habari nyingine: taa iliyong'olewa, kipande cha bampa kilichobaki barabarani. Dawa ya pengo ni kuleta kitu kipya. Dawa ya mwanya mbaya ni kusogeza kile kilichopo.

Waandishi wa habari na wafasiri, nikiwemo mimi, tumelifanya 'pengo' kuwa jibu la kila nafasi. 'Pengo la ajira' sina ugomvi nalo, maana kazi zinazohitajika hazipo. Lakini tunaposema 'pengo la sheria' na 'mwanya wa sheria' kana kwamba ni kitu kimoja, tunapoteza jambo. Sheria isiyosema lolote kuhusu suala fulani ina pengo. Sheria iliyosema, ila mjanja akapata pa kujipenyeza, ina mwanya. Bunge likitaka kurekebisha, kazi mbili hizo hazifanani hata kidogo.

Turudi chini ya mwembe. Fundi aliuliza swali la pili: "Huu mlango umeshuka ama umeshushwa?"

Kauli ya kutendwa humwalika mtenda hata asipotajwa, na hapo ndipo sarufi ilipoamua kazi. Mlango 'ulioshuka' umechakaa wenyewe: pini za bawaba zimelika. Mlango 'ulioshushwa' umelemewa na uzito au kugongwa. Ili kujua, fundi aliufungua, akaushika mwishoni kabisa, akaunyanyua na kuuachilia. "Hauchezi," akasema. Kucheza hapa si burudani. Bawaba inayocheza ni ile iliyolegea kwenye pini yake, na mlango wa namna hiyo hata ukiusogeza mara kumi utashuka tena. Hubadilishwa pini au bawaba nzima. Wetu haukucheza. Basi ulikuwa umeshushwa, na wajukuu zangu waliokuwa wakining'inia juu yake mchana kutwa wakatoweka uani ghafla.

Kazi yenyewe haikuhitaji vifaa vingi: spana namba 12 kwa gari langu, jeki, kipande cha ubao kilichofungwa kitambaa, na kalamu ya wino mzito. Kwanza alichora mstari kuzunguka kila bawaba, ili mambo yakiharibika tujue tulikotoka. Kisha akafungua kile chuma kilicho kwenye nguzo ya mlango, ambacho kitasa hukidaka mlango unapofungwa. Sababu yake ilinifurahisha. Chuma hicho huuinua mlango kwa nguvu wakati wa kufungwa na kuficha kosa lake. Kikiondolewa, mlango hukaa pale bawaba zinapotaka ukae, nawe unaona ukweli.

Mpwa wangu aliweka jeki chini ya mlango, ubao katikati, akaupokea uzito bila kuuinua. Boliti hazikutolewa. Zililegezwa kiasi tu, za bawaba moja kwanza. Zile zinazoshika bawaba kwenye nguzo ya bodi husogeza mlango mbele, nyuma, juu na chini. Zile zinazoishika kwenye mlango wenyewe huuingiza ndani au kuutoa nje, na pia juu na chini. Boliti za nguzoni hujificha mahali finyu, ndiyo sababu mafundi wa bodi hutembea na spana iliyokunjwa shingo. Mkunjo ule niliodhani ni wa ajali ulifanywa makusudi, kwa moto.

Alisogeza kwa milimita, akakaza, akaufunga mlango polepole mno, akitazama ukingo wa mbele usije ukakwaruza madigadi. Akarudia mara nne. Kipimo chake kilikuwa vipande vya kadibodi vilivyobandikwa pamoja, ambavyo alivipitisha kwenye mwanya kutoka juu hadi chini. Palipobana alisema "hapa umeingia", palipolegea, "hapa umetoka". Mwishowe akasema neno moja: "Umekaa." Sijaona neno refu la kitaalamu linalolishinda hilo.

Chuma cha nguzoni kilirudishwa mwisho kabisa, kikasogezwa hadi mlango ukafungika bila kuinuka wala kuzama. Halafu akafungia ukanda wa gazeti mlangoni (hili hili unalolisoma, la juma lililotangulia) na kuuvuta. Ukanda ukitoka bila kusita, mpira haubani, na hapo pana 'upenyo'. Upenyo una 'penya' ndani yake: maji, vumbi, upepo. Mlango unaweza kuwa na mwanya mzuri kwa nje na bado uwe na upenyo kwa ndani, ukakulowesha goti. Karatasi yetu ilishikwa imara pande zote.

Kuna la nne, 'ufa', tunalolijua kutokana na methali ya ukuta. Kwenye bodi ya gari ufa wa rangi karibu na nguzo ni wa kutiliwa shaka. Huenda chini yake kuna tabaka nene la kujazia lililofunika pigo la zamani. Nguzo yenyewe ikiwa imepindika, weka spana chini. Hiyo si kazi ya uani. Gari hupelekwa kwenye mashine ya kuvuta na kupima bodi, kwa kuwa nguzo ndiyo inayomlinda aliye ndani, na mlango uliolazimishwa kuifuata nguzo iliyopinda huwa umepambwa tu.

Kwa anayetaka kuendelea hadi mbele ya gari, fundi alinipa utaratibu: anza na kisichosogea. Bamba la ubavu wa nyuma limechomelewa kwenye bodi, kwa hiyo mlango wa nyuma hufuata bamba hilo, wa mbele hufuata wa nyuma, madigadi hufuata mlango wa mbele, na boneti huja mwisho. Ukianza na boneti utazunguka gari siku nzima, kasoro ikikutangulia.

Watu wa eneo hili hawakuanza jana kushughulika na chuma. Kabla ya bidhaa za viwandani kufika, wahunzi wa milima ya Samia waliyeyusha mawe yenye chuma na kufua majembe yaliyouzwa mbali katika magharibi ya Kenya. Fundi wangu hana cheti hata kimoja. Mwaka 2024 serikali ya Kenya ilizindua sera ya kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa, ili watu kama yeye wapimwe na kutunukiwa. Siku ile, baada ya chai, alitoa mfukoni karatasi za maswali ya mazoezi alizopewa na rafiki yake. Zote zilikuwa za Kiingereza. Aliweka kidole kwenye swali la tatu na kuniuliza linataka nini. Lilitaka ataje upana unaofaa wa nafasi iliyo kati ya mlango na madigadi.

Mpwa wangu alilisoma na kulijibu mara moja. Saa mbili kabla alikuwa hajui mkono auweke wapi. Aliyeufanya mwanya ule kwa mikono yake, mara nne mbele yetu, hakujua kwamba ndio anaoulizwa. Ibara ya 7 ya Katiba ya 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Siombi Kiingereza kiondolewe kwenye karatasi hizo, maana vitabu vya watengenezaji magari vimeandikwa kwacho na kijana atavihitaji. Naomba swali liandikwe mara mbili. Anayesema msamiati haupo, na aende akasimame kandokando ya gereji yoyote kati ya Funyula na Busia kwa nusu saa.

Tumeanza kuyatafsiri wenyewe, jioni, mimi na fundi, mpwa wangu akiwa mwandishi. Mwanya, pengo, upenyo, ufa, kukaa, kucheza, kushuka na kushushwa vimetufikisha hadi swali la kumi na saba. La kumi na nane linahusu kile chuma cha nguzoni kinachodakwa na kitasa, nacho hakina jina la Kiswahili linalotumika kote. Fundi hukiita 'mpokezi'. Mpwa wangu analiona neno hilo kuwa la posta. Mimi nimeliandika kwa kalamu ya risasi, na msomaji aliye gerejini mwenye neno bora anijulishe kabla hatujalipitia kwa wino.