Jiwe lisilo na mikono husifiwa, binadamu je?

Majuzi nikifundisha ngeli za Kiswahili, niliandika ubaoni maneno matatu: kipofu, kiziwi, kilema. Mwanafunzi mmoja, binti atembeaye kwa magongo, akauliza: “Daktari, mbona tumewekwa pamoja na kiti na kisu?”

Nilimjibu kisarufi. Hata kiongozi na kijana wamo humo. Tena twasema “kipofu amefika”, wala si “kimefika”. Upatanisho humfuata mtu. Akatabasamu. “Basi sarufi yajua kwamba mimi ni mtu. Wanaonikodolea macho barabarani je?”

Hapo nilinyamaza, kwa kuwa swali lake halikuwa la isimu tena. Ni swali ambalo Ann Millett-Gallant, mwanahistoria wa sanaa wa Marekani, amelifanya kazi ya maisha yake. Alizaliwa na ulemavu wa viungo, akasomea sanaa hadi shahada ya uzamifu, na mwaka 2010 akachapisha kitabu kuhusu mwili wenye ulemavu katika sanaa ya kisasa.

Tuchukue mifano miwili anayoichambua. Sanamu ya Venus de Milo ilipatikana katika kisiwa cha Milos, Ugiriki, mwaka 1820, na imehifadhiwa Louvre, Paris. Haina mikono, lakini kwa karne mbili imesifiwa kuwa kielelezo cha uzuri wa mwanamke. Mwaka 2005, sanamu ya marumaru iliyochongwa na Marc Quinn ilisimamishwa katika uwanja wa Trafalgar, London. Ilimwonyesha Alison Lapper, msanii Mwingereza aliyezaliwa bila mikono, akiwa uchi na mja mzito. Mara hii mabishano yakazuka. Wako walioshangilia, wako walioona haya.

Je, tofauti imo wapi, msomaji? Venus ni jiwe lililovunjika, nasi humkamilisha kwa mawazo. Lapper ni mtu aliye hai, ambaye hakuvunjika wala hangoji kukamilishwa. Isitoshe, mimba yake iliwakabili wale wanaodhani kwamba mwanamke mwenye ulemavu ni wa kuhurumiwa tu, si wa kupendwa wala kuitwa mama.

Wahenga walisema, hujafa hujaumbika. Mwaka 2007 msomi huyu alipata jeraha la ubongo katika ajali. Alirejea kwenye kalamu yake, na mwaka 2017 akachapisha kumbukumbu za safari hiyo ya kupona.

Kifungu cha 54 cha Katiba yetu ya mwaka 2010 chaagiza kwamba mtu mwenye ulemavu aheshimiwe, na asiitwe kwa namna ya kumdunisha. Ni agizo jema, nasi wanaisimu tuna wajibu wa kulitumikia. Lakini sheria huweza kuuonya ulimi; jicho lahitaji kufundishwa. Wanaodai kwamba taaluma ya sanaa ni anasa kwa nchi maskini wangemsikiliza yule binti. Mimi, pamoja na shahada zangu zote, bado namwia jibu.