Tuyajue maji yetu ya bomba: ugumu, ladha na usalama



Tunapopita nyumba kwa nyumba hapa Bukirasazi, maswali juu ya maji ni yale yale. Mama mmoja anasema maharagi hayaivi. Mwingine anasema sabuni inateleza mwilini, unamwaga maji na haitoki. Wazee wanalalamika harufu ya dawa. Baadhi ya watu wanaliacha bomba na kushuka bondeni kuchota kwenye kijito kwa sababu maji ya huko "ni matamu". Ni hao hasa tunaowaandikia.

Maji magumu ni nini? Ni maji yaliyobeba madini mengi ya kalsiamu na magnesiamu kutoka kwenye mawe yaliyopita. Ninyi mliotoka Uvira, Baraka au Kalemie mnayajua, hata kama hamkuwa na jina lake. Maji ya Ziwa Tanganyika yana magnesiamu nyingi: sabuni inachelewa kutoa povu, na birika linapata ukoko mweupe ndani. Hapa milimani mawe mengi hayayeyuki kirahisi, hivyo maji ya chemchemi kwa kawaida ni laini. Ndugu zetu wa kambi ya Kinama, huko Muyinga, nao wako kwenye milima ya namna hii. Upande wa Mosso, mashariki ya Burundi, kuna mawe ya chokaa, na huko maji yanaweza kuwa magumu zaidi.

Unaweza kupima mwenyewe. Chukua chupa mbili zinazoonyesha ndani, moja tia maji ya mvua, nyingine maji ya bomba, kiasi kilekile. Katia kipande kidogo cha sabuni ya mche katika kila moja, utikise. Maji laini yatajaa povu. Maji magumu yatafanya utando mweupe kama maziwa yaliyoganda.

Basi ile sabuni inayoteleza ni dalili ya maji laini. Tumia kidogo kuliko ulivyozoea ziwani, mche utakaa siku nyingi zaidi.

Na maharagi? Ni kweli maji magumu yanachelewesha maharagi kuiva, lakini hapa tusililaumu bomba haraka. Ziwa Tanganyika liko mita 770 hivi juu ya bahari, na nyanda hizi za kati ziko kati ya mita 1,500 na 2,000. Kadiri unavyopanda, maji yanachemka kabla ya kufika digrii 100. Huku yanachemka kwenye 94 au 95. Sufuria inatokota kweli, ila moto wake ni mdogo. Ongeza na maharagi yaliyokaa ghalani muda mrefu, ndiyo hayo makala yanaisha bure. Loweka usiku kucha, umwage yale maji, upike na kifuniko. (Kwa kuua vijidudu, maji yakitokota sana dakika moja yanatosha hata kwenye mwinuko huu.)

Ukoko mweupe ukiuona, hapa au kwingine, si sumu. Shirika la Afya Duniani, OMS, halikuweka kikomo cha ugumu wa maji kwa sababu za afya. Wanaosema unageuka mawe tumboni wanatisha watu. Kuna dini moja ya kuangalia, floridi, ambayo OMS inataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Waliopitia Arusha, Tanzania, wameona meno ya kahawia ya watu waliokulia kwenye maji yenye floridi nyingi. Hiyo huisikii kwa ladha, na kuchemsha hakuiondoi.

Maji ya kwanza ya asubuhi yakitoka mekundu, mara nyingi ni kutu ya mabomba. Yaache yatoke kidogo, uyachote kwenye ndoo ya kufulia sakafu. Chai ikigeuka nyeusi kuliko kawaida, ni chuma hicho hicho.

Tatizo kubwa ni lile lisiloonekana. Kijidudu cha kipindupindu hakina rangi, hakina ladha, wala hakizuii povu. Mwezi wa saba 1994, huko Goma, wakimbizi kutoka Rwanda walichota Ziwa Kivu, maji ambayo kwa macho hayana kasoro. Katika mwezi wa kwanza walikufa karibu watu 50,000, wengi kwa kipindupindu na kuhara damu. Hapa Burundi kipindupindu kilitangazwa upande wa Bujumbura mwezi wa kwanza 2023. Kijito cha bondeni kinapita chini ya mashamba na vyoo. Utamu wake hautuambii lolote.

Harufu ya klorini bombani maana yake dawa bado inafanya kazi. Inayotakiwa ni miligramu 0.2 hadi 0.5 kwa lita, kiasi kidogo sana. Yaache kwenye chombo chenye kifuniko masaa machache, harufu itapungua.

Bomba likikauka na ukalazimika kuchota kwingine, kwanza yaache yatuame, uyachuje kwa kitambaa safi, ndipo utie dawa, kwa sababu klorini inashindwa kwenye maji ya udongo. Kidonge cha miligramu 67 ni cha lita 20, yaani bido moja kubwa. Ngoja dakika 30 kabla ya kunywa. Bido lenye utelezi ndani lisuguliwe kwanza kwa mchanga, maji na sabuni, maana utelezi huo unaimaliza dawa kabla haijafika kwenye maji.

Ukiona maji ya bomba yamebadilika rangi kutwa nzima, au harufu ya dawa imepotea kabisa, mwambie mtu wa kamati ya maji siku hiyo hiyo.