Grazalema: mvua tele, moto nao ni hatari

Milima ya Grazalema, kusini mwa Uhispania, ni ya mawe ya chokaa. Mawingu ya Atlantiki huigonga na kumwaga mvua inayoweza kupita milimita 2,000 kwa mwaka. Lakini mvua hiyo ni ya majira ya baridi, na maji huzama kwenye nyufa za mawe hadi mapangoni. Ikifika Agosti, juu ni kukavu.

Hapo ndipo penye hatari. Pinsapo, mti wa jamii ya misonobari, nchini humo hauoti porini ila katika milima michache ya kusini. Kuupita msitu wake kwa miguu kunataka kibali, na miezi ya joto njia hufungwa au huwekewa masharti. Mgeni atawaona tumbusi angani na mbuzi-mwitu majabalini, lakini asiwashe moto: cheche moja yatosha.