Nishati ya Buna Ianze na Kusafisha Samadi

Tukizungumzia nishati ya mimea na mifugo, macho huenda kwenye mtambo, ilhali kazi kubwa ni kusafisha malighafi. Mwaka 2022, kampuni ya Eni ilianza kukamua mbegu za mafuta, mbarika zikiwemo, huko Makueni ili mafuta yake yapelekwe Italia. Kabla ya kugeuzwa dizeli, mafuta hayo huondolewa maji, utomvu na madini, la sivyo kichocheo huharibika. Buna, katika Kaunti ya Wajir, utajiri wake ni ngamia, mbuzi na ng'ombe, kwa hiyo biogesi ndiyo inayoelekea kufaa. Lakini samadi ya zizini huja na mchanga, nao hutuama ndani ya mtambo na kula nafasi. Sharti ilowekwe, ikorogwe, mchanga uachwe utuame kwanza. Gesi nayo ipitishwe kwenye vyuma vyenye kutu ili kuondoa salfa inayokula majiko.

Mpinzani atauliza: samadi huhitaji maji mengi, na mfugaji huhama, itakuwaje? Hoja hiyo ni nzito, na ndiyo maana mtambo wa kila boma haufai. Unafaa penye maji na samadi pamoja, kama machinjioni. Wapo watakaopendekeza badala yake makaa ya mathenge, mti uliotapakaa Garissa; yana soko, ila biashara hiyo huweza kuficha ukataji wa migunga. Kaunti ianze na machinjio.