Namna ya kupanga jalada la ripoti lisivurugike katika PDF

UKURASA wa jalada husomwa na kila mtu, hata na yule asiyekusudia kufungua ukurasa wa pili. Pamoja na hayo, katika ofisi nyingi za mijini ndio ukurasa unaopangwa mwisho kabisa, jioni, wakati zabuni inatakiwa kuwasilishwa kesho yake asubuhi au mwanafunzi anasubiriwa na msimamizi wake. Matokeo yake yanafahamika: namba 1 imekaa chini ya nembo ya shirika, jina la ripoti limesukumwa hadi ukurasa wa pili, na faili likifunguliwa, juu ya dirisha panasomeka "Document1".

Chanzo kikubwa ni kwamba jalada hufanywa kuwa ukurasa kama kurasa nyingine. Mwandishi hubonyeza kitufe cha Enter mara kumi na tano ili jina lishuke katikati ya karatasi, kisha hubonyeza tena mpaka maandishi ya utangulizi yahamie ukurasa unaofuata. Mistari hiyo mitupu ina kimo, na kimo hicho hutegemea aina ya herufi na karatasi iliyochaguliwa. Karatasi ya A4 tunayoitumia huku ina upana wa milimita 210 na urefu wa milimita 297. Ile ya Letter, inayotumiwa Marekani, ina urefu wa milimita 279 tu. Tofauti ya milimita 18 ni zaidi ya mistari mitatu ya kawaida, nayo yatosha kulitupa jina la mwandishi nje ya jalada.

Wengi hudhani kuwa kubadili faili liwe PDF kutaponya kasoro hiyo. Muundo wa PDF ulitolewa na kampuni ya Adobe mwaka 1993, na mwaka 2008 ukawa kiwango cha kimataifa cha ISO. Kazi yake ni kugandisha ukurasa jinsi ulivyo, ukiwa na herufi zake ndani, ili uonekane vilevile katika kila kompyuta. Basi jalada lililopinda nalo hugandishwa likiwa limepinda.

Tuchukue mfano wa LibreOffice Writer, programu isiyouzwa iliyozaliwa mwaka 2010 kutokana na OpenOffice.org. (Hiyo OpenOffice.org ndiyo iliyotafsiriwa kwa Kiswahili mwaka 2004 kwa jina la Jambo OpenOffice, kazi iliyowahusisha wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.) Writer huupa kila ukurasa mtindo wake. Mtindo uitwao First Page umewekwa kwa ajili ya ukurasa wa kwanza: una pambizo zake, hauna sharti la kuwa na namba, na ukimalizika programu hurudi yenyewe kwenye mtindo wa kawaida. Bonyeza F11 kuiona orodha ya mitindo, chagua ile ya kurasa, kisha uupe ukurasa wa jalada mtindo huo. Ili kuteremsha jina, usitumie mistari mitupu. Fungua mpangilio wa aya uandike nafasi ya juu kwa sentimita, tuseme 8. Nafasi hiyo haitabadilika hata herufi zikibadilishwa.

Mwisho wa jalada weka mkato wa ukurasa kwa kupitia menyu ya Insert. Hapo utaulizwa mtindo wa ukurasa unaofuata na namba ya kuanzia. Ukichagua mtindo wa kawaida na namba 1, utangulizi utaanza na namba 1, na jalada litabaki bila namba.

Hapa ndipo watu hushtuka. Wakipeleka kazi kwenye printa, ukurasa mtupu hutokea kati ya jalada na utangulizi, ingawa kwenye kioo haukuonekana. Hilo si hitilafu. Katika kitabu, namba witiri hukaa upande wa kulia. Jalada ni ukurasa wa kulia, na ukurasa namba 1 nao lazima uwe wa kulia. Kwa hiyo programu hupachika ukurasa mtupu wa kushoto kati yake. Katika dirisha la kutoa PDF kuna kisanduku kinachohusu kurasa hizo tupu. Kiweke alama ikiwa ripoti itachapwa pande mbili na kujalidiwa. Kiache wazi ikiwa itasomwa kwenye kompyuta au kutumwa kwa barua pepe.

Picha nayo ina masharti yake. Jalada zima la A4 kwa ubora wa nukta 300 kwa inchi huhitaji picha ya nukta 2480 kwa 3508. Nembo ndogo iliyochukuliwa kwenye tovuti na kunyooshwa itatoka na ukungu, hata printa iwe ya bei gani. Tena, ifunge picha kwenye ukurasa, isifungwe kwenye aya, la sivyo itahama kila neno linapoongezwa.

Limebaki jina la faili lenyewe. Katika menyu ya File, fungua Properties uandike jina kamili la ripoti mahali pa Title. Kisha, unapotoa PDF, agiza dirisha lionyeshe jina la waraka badala ya jina la faili. Ni kazi ya nusu dakika, na huondoa ile aibu ya "ripoti_mwisho_mpya2".

Wanaoandika miongozo ya programu kwa Sphinx, chombo kilichotolewa mwaka 2008, wana njia nyingine: jina la mradi, mwandishi na toleo huandikwa mara moja katika faili la mipangilio, nembo hutajwa humo humo, na jalada hujengwa na LaTeX bila mkono wa mtu kugusa ukurasa.

Kwa atakayepeleka faili steshenari, akumbuke kwamba mashine huhesabu jalada pia. Akitaka kuchapiwa upya ukurasa wenye namba 5, katika faili lenye jalada moja mbele na lisilo na kurasa tupu, mara nyingi atalazimika kuagiza ukurasa wa 6.