Sura ya Tano: Waya wa Meno ya Mbele

Mtoto wa miaka 9 ana meno ya aina mbili kinywani. Mbele, meno manne ya ukubwani yameshaota juu. Nyuma, magego ya kwanza yameshakaa. Katikati bado kuna meno ya utoto yanayosubiri kung'oka. Wakati mwingine yale manne ya juu huwa yameshuka mno hata yakayafunika ya chini yote, na mtoto akiuma, ya chini humchoma kwenye kaakaa. Hapo ndipo daktari wa kupanga meno anapochukua waya maalumu.

Waya wa kawaida hupita kwenye kila jino, hivyo ukivuta moja unasumbua na majirani. Waya maalumu hushika magego mawili na meno manne ya mbele, ukayaruka ya katikati. Kuruka huko kuna sababu. Waya ni kama ufito: mrefu hupinda kwa kidole, mfupi hukataa. Kwa hesabu, sehemu isiyoshikwa ikiongezwa urefu mara mbili, nguvu ya waya hushuka hadi moja ya nane.

Na nguvu ndogo ndiyo inayotakiwa. Kulipandisha jino la mbele mfupani kunahitaji gramu 10 hadi 20 tu. Ikizidi mno, mishipa ya damu kandokando ya mzizi hubanwa, jino hugoma kwenda, na ncha ya mzizi inaweza kulika isirudi tena. Upande wa pili, magego ndiyo yanayobeba mzigo, nayo huweza kulala nyuma; kwa hiyo daktari huyakagua kila mgonjwa anaporudi.

Madini ya waya nayo huchaguliwa. Mchanganyiko wa nikeli na titani, uliogunduliwa katika maabara ya jeshi la majini la Marekani na kuingizwa kwenye tiba ya meno na George Andreasen miaka ya 1970, hurudia umbo lake kila ukipindwa. Unafaa kuyanyoosha meno yaliyopishana. Lakini haukubali kukunjwa kwa koleo. Pale daktari anapotaka mkunjo wake mwenyewe, hutumia chuma cha pua, au aina ya titani iliyoletwa na Charles Burstone, yenye ukakamavu usiofika nusu ya chuma.

Mwanya ni suala jingine. Kwetu ni urembo, nao huweza kuzibika meno ya mbele yakirudishwa nyuma. Daktari mwangalifu huuliza kwanza: uzibwe au ubaki?

Mji wa Moshi una jambo lake pia. Watu wengi wa miteremko ya Kilimanjaro na Meru wana madoa ya kahawia menoni, yatokanayo na floridi. Maji si chanzo pekee: uchunguzi uliochapishwa mwaka 2000 uliyahusisha madoa ya watoto wa Moshi na magadi, yaleyale ya kulainishia maharage ya kiburu. Floridi huingia jino likiwa bado linajengeka ndani ya taya, kwa hiyo waya hauondoi doa. Utalinyoosha jino, na doa litabaki palepale. Tena ngozi ya juu ya jino kama hilo hustahimili asidi inayopakwa kabla ya gundi, hivyo vishikio vya waya hubanduka upesi daktari asipoongeza muda wa kupaka.

Siku za kwanza meno huuma, mtori unafaa. Mahindi ya kuchoma yapukuchue, usiyang'ate kwenye gunzi, na miwa iache kabisa. Tiba ikiisha, vaa kifaa cha kuyashikilia meno, la sivyo yatarudi yalikotoka.

Mzazi, kabla hujauliza bei ya waya, hesabu nauli ya kuteremka Moshi kila baada ya wiki 4 hadi 6. Waya uliowekwa kisha ukaachwa bila kukaguliwa hausimami, huendelea kusukuma.