Fahamu: Potasiamu ikipungua, moyo huonyesha nini?

Ukame wa 2020 hadi 2023 uliiweka Turkana Kaskazini, Lokitaung ikiwemo, miongoni mwa maeneo yaliyoumizwa zaidi na utapiamlo nchini Kenya. Mtoto aliyekonda unamwona kwa macho. Potasiamu iliyomwishia huioni.

Madini haya huwezesha misuli, moyo ukiwemo, kujikaza na kulegea. Kiwango cha kawaida katika damu ni takriban mmol 3.5 hadi 5.0 kwa lita. Kuharisha na kutapika hukipunguza, na mwenye utapiamlo mkali huwa amepungukiwa hata kabla ya kuharisha. Mwili hulegea, tumbo hujaa, misuli hubana. Ni rahisi kudhani ni uchovu wa njaa tu.

Kwenye karatasi ya kipimo cha umeme wa moyo, tazama mwisho wa kila pigo. Wimbi la T, ambalo kwa kawaida huinuka kama kilima, huwa bapa. Sehemu ya ST hushuka. Kisha hufuata kijiwimbi cha U. Kiwango kikiwa chini ya 2.5, mapigo yanaweza kwenda mrama kabisa. Lakini karatasi safi isikutulize: damu ipimwe.

Potasiamu hurudishwa kwanza kwa kunywa: lita ya ORS ya kawaida, maji yenye chumvi na sukari kwa anayeharisha, ina mmol 20 za potasiamu. ReSoMal, ya watoto wenye utapiamlo mkali, ina takriban 40. Lakini mwenye kipindupindu kati yao hupewa ORS ya kawaida. Potasiamu ya mshipani ni ya hospitalini pekee, kwani ikiingizwa kwa kasi inaweza kusimamisha moyo. Na kiwango kikigoma kupanda, magnesiamu nayo iangaliwe.